Barua kwa Mwanangu Kuhusu Neno la Kaka Yako

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama maneno ya kaka yako usiku ule ulipochelewa, "Mheshimiwa amefika, tusimameni," yalikuwa dhihaka au kejeli. Dhihaka asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kucheka, na mpaka leo hainogi bila kicheko, hata kiwe cha mtu mmoja; kejeli huweza kusemwa kwa uso mkavu, sifa ikiwa mdomoni na tusi likiwa ndani yake. Kuzomea kunataka kundi, na kubeza hakutaki hata neno, kwani mdomo ukibinuliwa umetosha. Lakini nimekwisha kukuambia mara nyingi: usilipime neno kabla hujatazama ni nani walioketi kulisikiliza.

Mimi niliyoyaonja ni masimango. Unajua kwamba babu yako alipofariki nililelewa kwa mjomba. Jioni moja, mbele ya wageni, nilieleza kwa furaha kwamba nimefaulu mtihani, naye akanitazama miguuni, akasema kwa upole kabisa, "Viatu hivyo vimekufikisha mbali, unamkumbuka aliyevinunua?" Hakunitukana. Alichokisema kilikuwa kweli, na hapo ndipo penye uchungu wa masimango, kwa sababu tusi unaweza kulikanusha, lakini fadhila uliyotendewa huwezi kuikana. Nilijibu, "Ni wewe, mjomba, nashukuru," nikatoka nje, nikavivua viatu vile, nikakaa navyo mapajani mpaka wageni walipoondoka.

Pengine alikuwa amechoka tu. Alikuwa na watoto wake sita wa kulisha, na ni kweli kwamba sikuwahi kumshukuru ipasavyo. Lakini hapana: angetaka shukrani, angeniomba tukiwa wawili. Aliwahitaji wale wageni. Ndiyo maana narudia kwamba utazame kwanza walioketi.

Usiku ule wa kaka yako tulikuwa sisi wenyewe, ambao tumezoea utani wake tangu mkiwa wadogo, isipokuwa mchumba wako, aliyekuwa akitutembelea kwa mara ya kwanza. Jina la alichokifanya kaka yako ninalo. Nililiandika hapa, kisha nikalifuta, kwa kuwa nyote wawili nimewazaa mimi. Mwulize mwenyewe, lakini umwulize mkiwa wawili.

Mama yako