Sudoku ya vizimba yenye madirisha ndani: mi nilikwama wiki nzima, we usikwame

Mi ni wakala wa pesa za simu, nakaa kibandani kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku, na kati ya saa nane na saa kumi mchana wateja wanakatika kabisa, jua kali, unabaki unahesabu bodaboda zinazopita. Ndo muda wangu wa sudoku huo. Nilianza na zile za kawaida mpaka zikaisha utamu nikahamia za vizimba, wenyewe wanaziita killer, zile ambazo mara nyingi hupewi namba hata moja ya kuanzia, unapewa tu vyumba vimezungushiwa vinukta kwa makundi na kinamba kidogo pembeni kinachokwambia jumla ya humo ndani ni ngapi.

Sasa juzijuzi mtoto wa dada yangu, dogo yuko form four, akaja na aina ingine akasema anko jaribu hii. Nikaenda steshenari nikatoa fotokopi ili nisichafue karatasi yake. Jamani. Wiki nzima. Najaza robo, inagoma, nafuta, najaza tena, inagoma palepale, mpaka karatasi ikatoboka kwa raba, mama watoto akaniuliza hivi hiyo kitu inakulipa shilingi ngapi. Jumapili dogo akapita kunisalimia, akaiangalia kopi yangu, akacheka.

"Anko, mbona hii haina madirisha?"

"Madirisha gani?"

"Si yale ya kijivu!"

Kumbe mashine ya kopi ilikuwa wino umefifia, ukijivu wote umepotea, mi nimekaa siku saba nahangaika na fumbo lililonyofolewa kanuni moja nzima, yani bila hiyo kanuni majibu yanaweza kuwa mengi tu na hakuna njia ya kujua lipi ndo lenyewe. Kwa iyo ushauri wa kwanza kabisa, kabla hata ya hesabu: ukitoa kopi chukua kalamu uzungushie madirisha mwenyewe kwa wino, usiamini kijivu.

Haya, iko hivi. Gridi ni ileile ya 9 kwa 9, vyumba 81, kila mstari wa kulala, kila safu ya kusimama na kila boksi la 3 kwa 3 inataka 1 mpaka 9 bila kurudia, na kizimba nacho hakirudii namba. Halafu ndani yake kuna vigridi vidogo vinne vya 3 kwa 3, vimekaa mstari wa 2 mpaka wa 4 na wa 6 mpaka wa 8, na safu hivohivo, na kila kimoja kinataka 1 mpaka 9 yake pia. Ukiiangalia kwa mbali ni kama dirisha la vioo vinne. Haya madirisha yalitokea Uholanzi, Peter Ritmeester aliyatoa kwenye gazeti la NRC Handelsblad mwaka 2005, na mwaka huohuo The Times la London likaanza kuchapa za vizimba, ingawa Wajapani walishakuwa nazo tangu miaka ya 90. Na neno lenyewe sudoku ni kifupi cha maneno ya Kijapani yanayosema namba lazima zibaki kapera. Nikimwambia mteja hiyo anacheka, afu anaondoka bila kutoa salio, basi tu.

Twende kwenye kazi. Wengi wakiona vizimba wanavirukia vizimba, kimoja kimoja, wanaanza kuandika vinamba vya penseli, yani namba zote zinazoweza kuingia, kila chumba mpaka karatasi inakuwa kama daftari la madeni. Mi nasema anza na dirisha. 1 mpaka 9 ukijumlisha unapata 45, haitakaa iwe 44. Sisi mawakala hii ndo hesabu ya kila jioni, floti, yani pesa iliyo kwenye simu, ukijumlisha na keshi ya droo lazima irudi kwenye mtaji. Kama mtaji ni laki tano na floti inasoma laki tatu na ishirini sihitaji kufungua droo, najua mle kuna laki moja na themanini, na kama haimo kuna mtu katembea nayo. Dirisha nalo lina mtaji wa 45, toa vizimba vilivyolala humo wazimawazima, kinachobaki ndo kilichochungulia nje.

Nikupe mfano wa ileile iliyonitesa, dirisha la juu kushoto. Safu ya 2, vyumba vitatu vya kusimama, kizimba cha 23. Mstari wa 4, vyumba viwili vya safu ya 3 na ya 4, kizimba cha 3. Kuna kingine cha 12 kimejikunja, kimeshika mstari wa 2 safu ya 3 na ya 4 halafu kikashuka chini mstari wa 3 safu ya 3. Jumlisha: 23 na 3 na 12 ni 38. Mtaji 45, kwa iyo chumba kilichobaki, mstari wa 3 safu ya 4, ni 7. Hujabahatisha, hujapiga ana ana ana do. Na hicho chumba kiko kizimba kimoja na jirani yake wa nje, mstari wa 3 safu ya 5, jumla yao 10, basi jirani ni 3.

Sasa tulia hapa maana hapa ndo pana utamu. 23 kwa vyumba vitatu ni 6, 8, 9 tu, hakuna ingine. 3 kwa vyumba viwili ni 1 na 2. 7 tushaiweka. Kwa iyo kile cha 12 kimebakiwa na 3, 4, 5. Ile 3 yake ikae wapi? Haiwezi kukaa mstari wa 3 kwa sababu kule safu ya 5 tushaweka 3. Haiwezi kukaa mstari wa 2 safu ya 4 kwa sababu hicho chumba kiko boksi moja na 3 yetu. Imebaki mstari wa 2 safu ya 3. Umeona? 3 ya nje ya dirisha imerudi kupanga ya ndani, na bado hujaandika kinamba cha penseli hata kimoja.

Afu kuna kitu hawakuchorei, na hiki mi nilikigundua mwenyewe nikajiona profesa mpaka dogo akaniambia anko hiyo inajulikana. Chukua mistari mitatu, wa 2, wa 3 na wa 4. Mtaji wake ni 45 mara tatu, 135. Madirisha mawili yaliyomo yanakula 90. Vyumba tisa vilivyobaki, vya safu ya 1, ya 5 na ya 9, vinabaki na 45, na siyo jumla tu, lazima navyo viwe na 1 mpaka 9 bila kurudia. Ni dirisha la siri, limesambaratika lakini ni dirisha. Mistari ya 6 mpaka 8 inalo lake, na ukigeuza kwa safu unapata mawili mengine. La tano ni pembe nne za gridi, chumba cha katikati kabisa, na vile vinne vya katikati ya kila ukingo.

Rudi kwenye mfano. Ile 3 ya mstari wa 3 safu ya 5 iko kwenye dirisha la siri, kwa iyo mstari wa 4 hauwezi kuwa na 3 kwenye safu ya 1, ya 5 wala ya 9. Dirisha la kushoto lishapata 3 yake. Basi 3 ya mstari wa 4 imo dirisha la kulia, safu ya 6, 7 au 8. Mi kwenye kopi yangu ya bila kijivu ningekesha hapo.

Vizimba vya kukariri ni vichache, usijitese na lile jedwali refu. Vya vyumba viwili, jumla 3, 4, 16, 17. Vya vitatu: 6, 7, 23, 24. Vya vinne: 10, 11, 29, 30. Kila kimoja hapo kina mchanganyiko mmoja tu. Na kariri nusu, nusu ingine inajitoa yenyewe kwa kutoa kila namba kwenye 10, mfano 6 ya vyumba vitatu ni 1, 2, 3, igeuze unapata 9, 8, 7 ambayo ni 24.

Makosa yangu mengi hayakuwa ya akili, ni ya kujumlisha. Mteja anakuja katikati ya hesabu, unamtolea elfu kumi, unarudi ulikuwa 31 unaendelea na 13. Siku hizi naandika jumla ya kila dirisha pembeni kabla sijanyanyua kichwa. Kosa lingine ni kudhani namba ikishatumika dirisha moja haiwezi kutumika la jirani, siyo kweli, kila dirisha lina 1 mpaka 9 yake. Na ukifika mahali chumba hakina namba inayoingia usifute chumba hicho kimoja, kosa liko nyuma sana, mi huwa naanza upya kwenye kopi ingine, ndo maana natoa kopi tatu, na nazikagua kijivu palepale kaunta kabla sijalipa.

Dogo kaleta nyingine jana, hii vizimba vyake vingine havina hata kile kinamba cha jumla. Nimeiweka chini ya daftari la miamala, nitaigusa kesho saa nane.