Maswali ya Wasomaji: Farasi ananizidi nguvu, ninunue lijamu (chuma cha mdomoni) gani?

SWALI: Habari yako mzee. Niko Limuru, nina farasi wa miaka 8, dume aliyehasiwa, alikua anakimbia Ngong Racecourse kabla hajauzwa. Ndani ya uwanja ni mpole hadi watoto wanampanda, lakini tukitoka shambani na wenzake watatu tukianza tu kanta, ule mwendo wa kasi kuliko troti, basi, anakata shauri anaenda, mikono yangu inakufa ganzi. Nilitoka snafo, lile lijamu la kawaida, nikaweka pelhamu, lijamu kali zaidi, ikasaidia kama wiki mbili hivi alafu ikaisha. Nikaongeza nozibendi (mkanda wa puani) ya grakoli, ile ya mikanda inayopishana mbele ya pua, nikaikaza, sasa anarusha kichwa. Jirani ameniazima gegi, lijamu jingine kali, nijaribu. Ninunue gani? – Dada wa Limuru

JIBU: Pole dada yangu, hayo ya mikono kufa ganzi nayajua vizuri sana. Lakini kabla ya duka, kumbuka kwanza huyo farasi amesomea shule gani. Farasi wa mbio anafundishwa kuegemea mkono wa joki, joki akifupisha vigwe, zile kamba za mkononi, akavishika imara farasi anapata kitu cha kuegemea na anafungua mwendo. Sasa wewe ukiona wenzake wanaondoka unavuta kwa nguvu zako zote, na kwa lugha yake hapo umemwambia twende. Hajakuasi, ametii, tena ametii vizuri kabisa. Na huyo ana kilo kama 500, kuvutana naye ni sawa na kuvutana na matatu.

Hizo wiki mbili ndio zimenifanya nikuandikie kirefu. Pelhamu ina mikono ya chuma inayoshuka chini ya mdomo, ukivuta kigwe cha chini inafanya kazi kama wenzo, inabana kidevu kwa mnyororo na inabonyeza utosi nyuma ya masikio. Mara ya kwanza farasi anashtuka, anapunguza, wewe unafurahi. Alafu anazoea, au anajifunza kukunja shingo kidevu kiguse kifua na anaendelea kukimbia vilevile, sasa hata haoni mbele. Gegi inaleta shida nyingine, inavuta pembe za mdomo kwenda juu huku ikishusha utosi, yaani kichwa kinaambiwa juu na chini kwa wakati mmoja. Kwa mkono uliotulia ina kazi yake, kwenye polo utaiona sana. Kwa mkono uliokufa ganzi hapana.

Na huko kurusha kichwa kulikoanza baada ya kukaza grakoli kumenikumbusha aibu yangu mwenyewe. Nlikua na jike mmoja wa kahawia, nilimbadilishia malijamu manne kwa msimu mmoja, na kila wiki nozibendi naisogeza tundu moja, nikijiona fundi. Saisi mmoja mzee, mtunza farasi, aliniangalia siku moja, hakusema kitu, akapitisha kidole gumba nje ya shavu la yule jike, usawa wa magego ya juu, akabonyeza kidogo tu. Jike akaruka nyuma karibu anikanyage. Daktari alipokuja akamfungua mdomo, magego ya juu yalikua na ncha kali kwa upande wa nje kama msumeno, na ndani ya shavu kidonda cha ukubwa wa njugu, palepale mkanda wangu ulipokua unabana. Kila nilipokaza nilikua nalisukuma shavu kwenye msumeno. Akapigwa tupa meno, kikapona, nikamrudishia snafo ya kawaida na hakuvuta tena vile.

Kwa hiyo lijamu la kwanza unalonunua ni daktari wa meno. Mara moja kwa mwaka kwa uchache, na mwambie acheki pia kile kijino kidogo mbele ya gego la kwanza, wale wanaokua nacho lijamu hukigonga na wanateseka kimya kimya. Angalia na tandiko kama limebana mabega. Na chakula: kama bado unampa zile kyubu za mbio, chakula cha nguvu cha vipande, wakati kazi yake ni kutembezwa Jumamosi na Jumapili, unamjaza petroli alafu unalaumu breki. Mpe nyasi kavu, boma rhodes, ya kutosha, kyubu punguza, na asishinde amefungiwa ndani siku tano.

Haya, lijamu sasa. Mimi ningemrudisha kwenye snafo yenye viungo viwili na kipande kidogo katikati, haichomi kaakaa kama ile ya kiungo kimoja inavyoweza kufanya. Isiwe nene sana, watu wanadhani unene ndio ulaini lakini mdomo wa farasi umejaa ulimi, nafasi ya chuma kinene iko wapi? Ikikaa sawa inabaki kama nusu sentimita kila upande, na kwenye pembe ya mdomo unaona mkunjo mmoja au miwili. Kama huko shambani bado unahitaji msaada, tumia pelhamu isiyo na kiungo, na vigwe VIWILI. Kile cha juu ndio cha kila siku, cha chini unakigusa akisahau, ukishasikilizwa unaachia. Ukiunganisha kwa kile kikamba cha ngozi ubaki na kigwe kimoja, unakua umebana muda wote na ndio maana anazoea.

Nozibendi, anza na ile ya kawaida, kavesoni. Vidole viwili viingie kwa urahisi, na vipimwe juu ya mfupa wa pua, sio pembeni kwenye shavu ambako kila mtu anapata nafasi. Hata FEI, lile shirikisho la dunia, limeleta kifaa chake cha kupimia 2025, maana vidole vya mtu na mtu havifanani. Grakoli ni ya farasi anayepindisha taya au kufungua mdomo kukwepa lijamu. Wako hujaniambia anafungua. Kama hafungui, unafunga nini?

Alafu mazoezi, hapa ndio kazi ilipo. Toka na mwenzio mmoja tu mtulivu, sio watatu. Piga troti, ule mwendo Waswahili wanauita wa matiti, shuka kutembea, panda tena, mara ishirini mpaka mchoke wote. Akianza kuegemea usivute moja kwa moja, shika, achia, shika, achia, akose cha kuegemea, na mgeuze kwenye duara kubwa kabla hajashika kasi, sio baadaye, baadaye mtaanguka wote wawili. Funga mkanda shingoni ushike huo ukiogopa badala ya kuning'inia mdomoni mwake. Kanta ya shambani isubiri kama mwezi na nusu.

Gegi ya jirani mrudishie na asante nyingi.

SWALI: Mzee, mimi ni saisi Naivasha, nozibendi ya dropu, ile inayofungwa chini ya lijamu, inaacha alama na farasi anakoroma akikimbia. Ni mafua? – Saisi

JIBU: Inawezekana imeshuka mno, ndugu yangu. Dropu inakaa juu ya mfupa, kama vidole vinne juu ya tundu la pua. Pitisha kidole kuanzia juu, mahali mfupa unaishia na kuanza kubonyea ndio mwisho wako, ukivuka hapo unabana njia ya pumzi. Ipandishe leo. Ngozi ioshe jasho kila siku, ipake mafuta, ngozi kavu inakata kama kisu. Akikoroma bado baada ya wiki, hapo muite daktari.