Barua ya nusu ukurasa

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama vikundi vya wanawake wanaojitolea kuchangisha fedha za kusomesha wanafunzi wa chuo kikuu bado vina kazi, ilhali mikopo ya wanafunzi ipo. Kazi ipo. Nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha namna hiyo kwa miaka kumi na mmoja, na haujapita mwaka ambao tuliweza kumlipia kila aliyestahili. Kwa hiyo naomba nijibu swali lililo jirani na lenu, ambalo ndilo linaloniuma: tukishaikabidhi ile hundi, inamfaa nani?

Mwaka mmoja tulimchagua binti wa mwaka wa pili, mwanafunzi wa uhandisi wa maji. Ada yake ililipwa sehemu kwa ruzuku ya chuo, sehemu kwa mkopo, na iliyobaki aliitafuta mwenyewe kwa kufanya usafi wa maofisi usiku. Tulitaka aiache kazi hiyo kabla ya mitihani. Tulihangaika miezi sita. Tuliuza vitabu vilivyotumika, tukaandaa tamasha la kwaya, tukaandika barua kwa kila tuliyemfahamu. Mwenzetu mmoja, muuguzi mstaafu, alishona vitambaa vya meza arobaini na macho yake yale yaliyokwisha kuchoka. Siku ya kukabidhi tulipiga picha.

Wiki tatu baadaye yule binti alibisha hodi kwangu akiwa na bahasha mkononi. Hakukaa mpaka nilipomwambia akae. Akasema, “Mama, naomba unisomee hii, labda sikuielewa.” Ilikuwa barua ya nusu ukurasa kutoka chuoni kwake. Aya ya kwanza ilimpongeza kwa kupata ufadhili. Ya pili ilimjulisha kuwa, kwa kuwa mahitaji yake yamepungua, ruzuku ya chuo nayo imepunguzwa kwa kiasi kilekile. Kiasi kilekile, hadi senti. Nilichukua penseli, nikageuza bahasha, nikaandika upande mmoja hesabu yake ya kabla yetu na upande wa pili ya baada yetu. Jumla zikalingana. Mimi ambaye kazi yangu ni kutafuta kosa katika hesabu nilizirudia mara tatu nikilitafuta. Yeye alikuwa akiifuata penseli kwa macho. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayedhani amekosa, “Nizirudishe?”

Sikuwa na jibu. Nilimwomba aniachie ile barua, akasema hawezi. Alikuwa amekwisha kuaga kazini, na alitaka kumwonyesha msimamizi wake aone kwa nini anaomba kurudi.

Nilikwenda ofisi ya misaada ya wanafunzi. Ofisa aliyenipokea alikuwa muungwana, akanieleza kanuni: jumla ya misaada yote isizidi mahitaji ya mwanafunzi jinsi chuo kilivyoyapiga hesabu, na fedha za nje zikiingia, cha kwanza kupunguzwa ni ruzuku. Nikamuuliza kwa nini usipunguzwe mkopo. Mkopo ndio deni. Ungepunguzwa huo, vitambaa arobaini vya yule muuguzi vingekuwa vimemwondolea binti mzigo. Akaniambia ndivyo kanuni ilivyo. Kumbe hata kanuni ya namna hiyo hubadilika. Nchini Marekani, mwaka 2017, Maryland lilikuwa jimbo la kwanza kuzuia vyuo vyake vya umma kupunguza misaada yao kwa sababu ya ufadhili wa nje, mpaka jumla ipite mahitaji ya mwanafunzi.

Katika jimbo hilohilo, mjini Baltimore, chuo kikuu cha Johns Hopkins kilipungukiwa na fedha za kufungua shule ya udaktari. Mwaka 1890 wanawake waliunda kamati katika miji kadhaa na kuchangisha, lakini fedha zao zilikuwa na sharti: wanawake wapokelewe sawa na wanaume. Chuo kikataka jumla ifike dola 500,000. Mmoja wao, Mary Garrett, akaongeza zaidi ya dola 300,000 za kwake, na shule ikafunguliwa mwaka 1893 kwa sharti lao. Kwa hiyo msimamo wangu kwa miaka yote hii umekuwa huu: tusitoe hata senti bila maandishi kwamba mkopo utapunguzwa kabla ya ruzuku.

Wenzangu wanaogopa chuo kitatukimbia. Yule muuguzi ana hoja nyingine. “Ruzuku aliyopunguziwa huyu,” aliwahi kuniambia, “si imempata mwingine tusiyemjua?” Sikuwahi kulikubali neno hilo, maana hakuna aliyetuonyesha huyo mwingine. Lakini hapa ninapoandika siwezi kulitupa lote. Mwaka 1643 mwanamke wa London, Ann Radcliffe, alikipa chuo cha Harvard pauni 100 za kumsomesha kijana asiye na uwezo, mahali ambapo mwanamke hakupokelewa kabisa. Sithubutu kusema alipoteza fedha zake.

Binti yule alihitimu, mwaka mmoja nyuma ya wenzake.

Mwezi ujao tunapiga kura kama tuendelee na chuo kilekile, ambacho hadi leo hakijatia saini. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeamua kusema hapana. Nadhani nitasema ndiyo, kwa mwaka mmoja tu, mradi fedha apewe mwanafunzi mwenyewe kwa ajili ya malazi na vitabu, na mradi tumweleze tangu siku ya kwanza kuhusu hiyo kanuni, asije akaacha kazi kwa kututegemea sisi. Najua ofisi inaweza kuzihesabu hata hizo. Ikija barua nyingine kama ile, nitaibadili kura yangu.