Kabla hujalipia riwaya ya Star Wars, uliza kwanza ni ya ngapi

Machalii wangu, hili somo mimi nimelilipia elfu tatu pale soko la Memorial Moshi, nyie nawapa bure. Nilienda kutafuta jaketi la mtumba maana baridi ya Arusha mwezi wa saba mnaijua wenyewe, nikakuta jamaa kamwaga vitabu juu ya turubai, katikati ya vitabu vya mapishi imelala The Last Command ya Timothy Zahn. Star Wars bana, ile hadithi ya vita vya huko angani! Zile muvi tatu za zamani nimeziangalia mpaka sidii ikaanza kukwama, nikalipa fasta hata kupunguziwa sikuomba.

Nikaanza kusoma humo humo kwenye hais, tunafika Usa River sijaambulia kitu. Kuna admirali ana ngozi ya bluu na macho mekundu kila mtu anamwogopa, kuna dada anaitwa Mara Jade ana bifu na Luke, yule shujaa wa muvi, sijui limeanzia wapi, Leia dada yake Luke naye ana mimba ya mapacha anakaribia kujifungua. Nikasema basi Kiingereza changu ndo kibovu. Kumbe wapi, nimedandia gari katikati ya safari! Hiyo ni ya tatu, ya 1993. Ya kwanza ni Heir to the Empire ya 1991, ya pili Dark Force Rising ya 1992, jalada langu lilikuwa limezungushiwa selotepu ya kahawia sikuona kitu.

Kwahiyo anza na ya kwanza. Inaanza kama miaka mitano baada ya Return of the Jedi, ile muvi ya 1983, ukishaona zile tatu inatosha. Hizi muvi mpya ziweke pembeni kabisa, maana 2014 Lucasfilm, kampuni yenye Star Wars, waliziondoa hizi riwaya kwenye hadithi rasmi wakaziita Legends, ndo maana muvi ya 2015 Leia na mzee wake Han wana mtoto mmoja wa kiume na kashaharibika, wakati huku wana mapacha. Ichukulie kama mzee mmoja mwenye nyumba mbili, usiende kuulizia watoto wa huku kule.

Na dikshonari iache. Mimi mwanzo kila neno la meli za angani nalitafuta, kurasa mbili kwa saa, nikaacha. Utamu haupo kwenye meli, upo kwa Thrawn, yule admirali wa bluu, yeye kabla hajapigana na watu anakaa anaangalia michoro na vinyago vyao mpaka anajua watakosea wapi, yaani mtu anakusoma kupitia kinyago! Halafu kuna vidude kama mijusi vinaganda kwenye miti, Luke akivisogelea ile Nguvu ya Majedi, uwezo wao wa ajabu, inakatika kama umeme wa mtaani kwetu. Hapo nilisoma mpaka saa nane usiku na kesho yake nina kazi.

Ya kwanza nilipata wapi? Kwa jirani yangu anayeendesha magari ya watalii. Wageni wakimaliza safari wanaacha vitabu kwenye gari, yeye anavirundika tu stoo, kama una mtu wa hivyo Arusha nenda kamuulize kabla hujaenda dukani. Ya pili ndo bado naisaka mpaka leo, na ile ya tatu ipo juu ya kabati na selotepu yake, naiogopa kuifungua nisijejua nani anakufa.