Maswali yenu: kayaki, mshipi na mawimbi yanayovunjika

Barua za safari hii karibu zote zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu ana kayaki, ana mshipi, samaki wako nje, lakini kati yake na samaki kuna ukanda wa mawimbi yanayovunjika. Nimechagua saba. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu swali lenyewe halihitaji zaidi. Ninapozungumzia kayaki hapa nina maana ya ile ya kukalia juu, ambayo wavuvi wengi wanaitumia.

Nitajuaje kama bahari ya leo imenizidi? Utabiri ulisema mita 1 tu, lakini nilipofika nikaona milima.

Utabiri haukukudanganya, ila haukukuambia yote. Ile mita 1 ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, yale makubwa zaidi. Maana yake yamo yanayoizidi, na mara mojamoja huja moja lenye kimo kinachokaribia maradufu. Wimbi likiongezeka kimo mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Pia tazama sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi. Mita 1 ya kila sekunde 5 ni vurugu za upepo wa karibu, zinachosha lakini zinavumilika. Mita 1 ya kila sekunde 14 imetoka mbali, na ikifika kwenye maji mafupi huinuka na kuanguka kwa uzito usioutarajia.

Kwa hiyo kaa mchangani dakika 20 kabla hujafungua hata kamba moja. Mawimbi huja kwa mikumbo: machache makubwa yanafuatana, kisha bahari inapumua. Hesabu ni mangapi katika mkumbo, na utulivu unadumu muda gani. Simama pale maji yanapoishia. Kilele cha wimbi kikikuzibia upeo wa bahari, wimbi hilo limepita kimo cha macho yako. Angalia pia linavyovunjika. Wimbi huanza kuanguka kina cha maji kinapokuwa kama mara 1.3 ya kimo chake, hivyo ufuko wenye mteremko mkali huliangusha lote kwa kishindo palepale ukingoni. Ufuko wa aina hiyo mimi siuingii, hata wimbi likiwa la kiunoni. Afadhali ufuko mpana ambako povu linaanza mbali na kuja likilegea.

Baada ya dakika hizo jiulize: nitarudi vipi? Usiulize utatoka vipi. Kutoka unatoka na nguvu mpya na macho yakiona kila kitu kinachokujia.

Kila nikijaribu kutoka narudishwa ufukweni kama gogo. Nakosea wapi?

Nadhani unapanda mapema na unaanza na mkumbo. Simama majini hadi magotini, omo (pua ya kayaki) ikitazama mawimbi moja kwa moja, nawe ukiwa ubavuni mwake, usikae kamwe kati yake na ufuko. Subiri wimbi la mwisho la mkumbo lipite, rukia, na upige kafi mara moja bila kutafuta mkao mzuri. Mkao utautengeneza huko nje.

Likija wimbi lililokwisha kuvunjika, usiache kupiga kafi. Watu wengi huliona povu wakanyanyua kafi juu kama wanaojisalimisha. Hapo ndipo chombo kinaposimama na kugeuzwa ubavu. Inama mbele, chovya kafi, vuta. Fimbo za kuvulia ziwe zimelazwa na kufungwa, au zimo ndani ya kayaki. Chochote kisichofungwa kihesabu kwamba umeshakitoa sadaka.

Kutoka nimeweza. Kurudi ndiko kunakonitoa jasho. Nifuate wimbi, nilikimbie, au niliache linibebe?

Hili ndilo swali la safari hii, na nalijibu kwa aibu kidogo. Jioni moja nilirudi nimechoka, fimbo mbili bado zimesimama kwenye vishikio, ndoano zikining'inia, kwa sababu nilijiambia "ni wimbi moja tu". Wimbi hilo moja lilinigeuza ubavu, likanitupa upande wa ufuko, fimbo moja ikavunjika, na ndoano ya nyingine ikanasa kwenye mkono wa jaketi langu sentimita chache kutoka shingoni. Kayaki nayo ikanipita juu ya kichwa. Tangu siku hiyo nina utaratibu.

Simamisha kayaki nje kabisa ya pale mawimbi yanapovunjika, na si pale yanapoanza kuinuka. Hapo kunja mishipi, toa ndoano, laza fimbo, funga samaki, pandisha usukani na kanyagio kama unavyo. Kunywa maji. Geuka utazame nyuma na uhesabu mkumbo kama ulivyofanya mchangani, maana bahari ya saa nne si ile ya alfajiri: maji yamepwa au yamejaa, na mahali pa kuvunjikia wimbi pamehama.

Wimbi kubwa la mwisho likishakupita chini, piga kafi kwa nguvu ukilifuata mgongoni. Unataka kukaa nyuma yake hadi ufukweni. Usitake likubebe, mwenye kupenda kuteleza juu ya mawimbi aende siku nyingine bila ndoano. Ukisikia jingine linanyanyua tezi (upande wa nyuma), egemea nyuma na upige kafi kinyume hadi likupite. Ukiegemea mbele, omo itachimba chini na chombo kitapinduka kichwa chini, miguu juu.

Na likikugeuza ubavu licha ya yote? Egemea upande wa wimbi. Mwili utakukatalia, kwa sababu akili yote inataka kulikimbia lile povu. Lakini ukiinamia ufukweni, wimbi linaingia chini ya chombo na kukubwaga. Inamia wimbi, laza kafi juu ya povu kama unaegemea meza, viwiko vikiwa karibu na mbavu ili bega lisiteguke, na uache chombo kisukumwe kimkingamo hadi mchangani. Haipendezi machoni, ila unafika.

Kuna njia nyingine ambayo wavuvi wengi wanaona haya kuisema: tafuta mahali pengine pa kushukia. Nyuma ya rasi, ndani ya ghuba, hata kama itabidi utembee kilomita mbili kurudi ulikoanzia.

Nikipinduka katikati ya mawimbi nipande tena au niogelee?

Kwanza jua uko upande gani wa chombo. Usikae kati ya kayaki na ufuko hata kwa sekunde tatu. Kayaki ya uvuvi ina kilo 30 au zaidi, na kila lita ya maji iliyoingia ndani inaongeza kilo moja; wimbi likiitupa, inakuja kama gogo lililokatika. Kaa upande wa bahari, shika mpini wa tezi kwa mkono mmoja, na uiache itangulie. Ikikuvuta kwa nguvu, iachilie. Itafika ufukweni kabla yako.

Ndani ya mawimbi yanayovunjika usihangaike kupanda, utapinduliwa tena. Ukiwa nje yake ndipo panda: igeuze, jivute kwa tumbo hadi ulale kimkingamo juu yake, jigeuze ukalie makalio, kisha ingiza miguu. Tumbo, makalio, miguu. Jifunze siku ya shwari, mara kumi, hadi uchoke. Na kama maji ni ya baridi, dakika ya kwanza usifanye lolote ila kujishikilia na kutuliza pumzi. Baridi ya ghafla humfanya mtu avute pumzi bila kutaka, na akiwa chini ya maji huvuta maji.

Nijifunge kamba kwenye kayaki ili isinikimbie?

Katika mawimbi, hapana. Kamba ikizunguka mguu au shingo chombo kikibiringika, hutapata muda wa kuikata. Huko nje kwenye upepo habari ni nyingine, kwani kayaki tupu hupeperushwa kwa kasi kuliko unavyoweza kuogelea. Hapo kamba ina kazi. Ifungue kabla ya kurudi. Kisu kiwe kifuani, mahali ambapo mikono yote miwili inafika.

Jaketi la kuokolea maisha, lile la kujijaza hewa lenyewe, linafaa? Ni jepesi, halinisumbui nikitupa mshipi.

Kwa kazi hii halifai. Wimbi la kwanza litalifanya lijijaze hewa, na likishavimba kifuani huwezi kulala tumbo kupanda chombo. Vaa la sponji ngumu, lililobana, na usilivue ukishafika kwenye samaki.

Mume wangu huenda peke yake alfajiri. Husema bahari imelala, upepo unatoka nchi kavu. Nimwombe nini?

Dada, upepo huo ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Unapovuma kutoka nchi kavu hulaza maji ya karibu, hivyo ukiwa ufukweni unaona kioo. Kila mita anayosogea nje unakuwa mkali zaidi na mawimbi yanakua, na yote yanamsukuma upande asioutaka. Samaki wakikubali, anasahau umbali. Mwombe aanze kwa kupiga kafi kuelekea upepo unakotoka, kadiri ufuko unavyoruhusu, ili akichoka asukumwe kurudi alikoanzia.

Kisha akuachie kwa maandishi: anaingilia wapi, atashukia wapi, rangi ya kayaki, na saa ya mwisho. Redio ya baharini (chaneli 16 ndiyo ya dharura) au simu ndani ya mfuko usioingiza maji iwe mwilini mwake, pamoja na filimbi. Kilichofungwa kwenye kayaki kitaondoka na kayaki. Saa mliyokubaliana ikipita, mpigie. Asipopokea, piga simu kwa waokoaji papo hapo, usisubiri "labda yuko njiani". Akitokea baadaye amenuna kwamba umewasumbua watu bure, mwache anune.