Unaomba usikie sauti ya Mungu, unaambulia kimya

Dada, umesema wenzako wa jumuiya kila mkikutana ni "Bwana ameniambia", na wewe tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio, majuma yale ya kujiandaa kwa Krismasi, unakesha ukiomba, husikii kitu. Pole, ila usijione una kasoro. Kwenye Biblia, kijana Samweli aliitwa na Mungu mara tatu akamkimbilia kuhani Eli, akidhani ni mzee anamwita. Na huyo alikuwa analala hekaluni!

Mimi ningeanza na Luka sura ya 1. Kuhani Zakaria aliambiwa na malaika kwamba atapata mtoto, akatilia shaka, akawa bubu mpaka siku mtoto, Yohana, alipopewa jina. Hata jina hilo aliliandika kibaoni. Sisi tukisali tunaongea mfululizo, mahitaji yote kwa mpigo, Amina, tumeondoka. Sasa Yeye aseme saa ngapi?

Jaribu hivi: amka saa kumi na moja alfajiri, simu iache chumba kingine (hapo ndipo mimi hushindwa), soma Injili ya siku mara mbili polepole, kisha nyamaza dakika kumi. Juzi nilikaa hivyo, nikawa namsikia jirani tu akikinga maji, ndoo baada ya ndoo. Mara akanijia akilini shemeji yangu ambaye hatusalimiani tangu msiba wa mwaka jana. Sauti sikusikia. Nilimpigia.

Na yeyote akikuletea "Bwana amesema" inayodai pesa au kukutenga na ndugu zako, ipeleke kwanza kwa padri wako.