Wasuuzeni vyura usiku huuhuu

Nimewaona wawili wenu mkisukumia ndoo ya vyura chini ya meza na kukubaliana, "Tutawasuuza kesho." Najua mmechoka. Lakini silali kabla sijaandika haya.

1. Chura husuuzwa tumbo, yaani hutiwa maji kwa mrija hadi atoe alichokula, palepale alipokamatwa. Msimu wangu wa kwanza, kwenye mashamba ya mahindi chini ya milima ya Uluguru, nilikamata usiku na kusuuza saa tatu asubuhi, baada ya chai. Kwenye hadubini nikakuta vichwa vya sisimizi, vichwa vya mchwa na magamba ya mbawakavu, basi. Nikaandika kwamba chura wa pale hagusi viwavi wala nyungunyungu. Msimamizi akasaini. Nikasimama mbele ya wakulima nikawaeleza hivyohivyo. Mama mmoja akaniuliza taratibu, "Mwanangu, umewahi kukaa ukamtazama akila?"

Sikuwahi. Jioni ile tukakaa naye ukingoni mwa shamba, mvua ndiyo kwanza imekatika. Chura mkubwa akamwona nyungunyungu akijinyonganyonga, akainamisha kichwa, akadaka. Kipande kilichobaki nje akakisokomeza mdomoni kwa mikono yote miwili, kisha akafumba macho, na macho yenyewe yakadidimia kichwani kusukuma tonge kooni. Nyama laini kama ile huyeyuka upesi tumboni. Gamba la mbawakavu hukawia. Miezi mitatu nilikuwa nahesabu makombo! Niliomba ripoti irudishwe, nikaanza upya, nikarudi kwa wakulima walewale kuwaambia nilikosea. Yule mama alinikaribisha uji. Ningeona nafuu kama angenigombeza.

2. Maji yawe ya dimbwi lao, mrija uwe laini.

3. Msikamatie chini ya taa za barabarani peke yake. Pale chura anakula nondo na kumbikumbi walioletwa na taa. Mkitaka habari za shamba, ingieni shambani mlowe.

4. Tegeni vikombe vya kunasia wadudu usiku uleule. Chura hudaka kinachojongea, asiyetikisika hamshughulishi. Bila vikombe hamtajua alikuwa na nini mbele yake akakiacha.

5. Utando mwembamba tumboni si mfuko wa nailoni, jamani. Wiki iliyopita mmoja wenu ameandika "plastiki" mara nne. Ni ngozi yake mwenyewe. Huivua na kuila.

Sasa ni saa tano usiku. Amkeni, leteni ile ndoo. Chai nimeshachemsha.